Shiti za nta: kuiandaa nta kabla haijapita kwenye rola

Ukitaja Lumuma, watu wengi wanafikiria vitunguu. Lakini wilaya ya Kilosa ina pia misitu ya miyombo, na penye miyombo pana nyuki. Miaka ya karibuni mizinga ya masanduku imeongezeka vijijini katika mikoa mingi ya Tanzania. Mzinga wa fremu ukifika kijijini unakuja na swali ambalo mzinga wa gome haukuwa nalo: shiti za nta zitatoka wapi?

Jibu la kawaida ni kwamba zinanunuliwa mjini. Zikikosekana au bei ikiwa kubwa, fremu zinabaki tupu, nyuki wanajenga masega yaliyopinda na kushikana, na mfugaji anashindwa kuinua hata fremu moja bila kuvunja sega. Wakati huohuo nta ya mfugaji huyohuyo imetupwa jalalani pamoja na machicha. Katika makala hii tunaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuiandaa nta hiyo mpaka iwe shiti iliyo tayari kupitishwa kwenye rola za kuchapa vyumba vya nyuki.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: rola haisahihishi kosa lililofanyika kwenye sufuria. Rola inachapa tu. Nta ikiwa chafu, shiti itakuwa chafu. Nta ikiwa imeungua, nyuki wataikataa. Ikiwa nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, itapinda ikipita. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi iko kabla ya rola, na inaweza kufanyika kijijini kwa vyombo vya kawaida.

Shiti ya nta ni nini

Shiti ya nta ni kipande chembamba na bapa cha nta ya nyuki, kilichochapwa pande zote mbili alama za vyumba vyenye pembe sita. Inafungwa ndani ya fremu kwa waya. Nyuki wakiingia wanazifuata zile alama na kuinua kuta za vyumba juu yake. Wapo wanaoiita karatasi ya nta, na wengine husema msingi wa sega. Yote ni kitu kimoja.

Kazi hii ina zaidi ya miaka 150. Mwaka 1851 mchungaji wa Marekani aitwaye Lorenzo Langstroth alitambua kwamba nyuki wakiachiwa nafasi ya milimita chache kati ya fremu na ukuta wa mzinga, hawaizibi. Kutokana na hilo akatengeneza mzinga wa fremu zinazotolewa na kurudishwa. Mwaka 1857 Mjerumani Johannes Mehring alitengeneza kibano cha mbao cha kuchapa alama za vyumba kwenye nta. Baadaye zikaja rola mbili za chuma zinazozungushwa kwa mkono, na hizo ndizo zinazotumiwa na vikundi vingi mpaka leo.

Kwa nini nta isitupwe

Nta inatengenezwa na nyuki vibarua wachanga, kwenye tezi zilizo chini ya tumbo. Inatoka kama magamba madogo meupe ambayo nyuki anayatafuna na kuyajengea. Kazi hiyo inakula asali. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba nyuki hutumia kilo 6 hadi 8 za asali kutengeneza kilo moja ya nta. Mfugaji anayewapa nyuki shiti anawapunguzia mzigo huo, na muda wao unahamia kwenye kukusanya asali.

Tena nta si mali ngeni kwetu. Nta ya nchi hii ilikuwa ikisafirishwa nje tangu enzi za Wajerumani, na misitu ya miyombo ya magharibi, hasa Tabora, ikajulikana nje kwa nta pamoja na asali. Tofauti na asali, nta iliyosafishwa haiozi. Unaweza kuiweka mwaka mzima ukiongeza kidogokidogo, mpaka itoshe kazi.

Nta ipi ichukuliwe, ipi iachwe

Si kila sega linafaa kuwa shiti. Tunazigawa nta katika makundi matatu.

La kwanza ni vifuniko vya vyumba vya asali, vile vinavyokatwa kabla ya kukamua. Hii ni nta mpya na safi kuliko zote. Itenge peke yake.

La pili ni masega meupe au ya njano yaliyokuwa na asali tu, bila kulelewa majana. Haya pia ni mazuri.

La tatu ni masega meusi yaliyolelewa majana kwa misimu mingi. Ndani yake kuna ngozi za majana zinazonyonya nta wakati wa kuyeyusha, hivyo mavuno yake ni kidogo. Yanatumika, lakini yaloweke kwanza kwenye maji usiku kucha ili ngozi zile zishibe maji badala ya nta.

Kuna masega ya kuacha kabisa. Usitumie masega ya mzinga ambao nyuki wake wamekufa na sababu haijulikani. Upo ugonjwa wa majana unaosababishwa na bakteria ambao mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka. Ukiyeyusha masega hayo na kugawa shiti kwa kikundi, umegawa ugonjwa. Mwite kwanza afisa nyuki wa wilaya aangalie.

Kwa wakulima wa vitunguu kuna tahadhari ya ziada. Nta ina asili ya mafuta, na sumu nyingi za wadudu hunasa kwenye mafuta. Sumu iliyopulizwa shambani inaweza kuletwa mzingani na nyuki, ikabaki ndani ya nta hata baada ya kuyeyushwa na kuchujwa. Weka mizinga mbali na mashamba yanayopulizwa mara kwa mara, na kamwe usiyeyushe nta kwenye pipa, ndoo au dumu lililowahi kuwekwa dawa ya shamba, hata likioshwa namna gani.

Vyombo vya kazi

Unahitaji sufuria mbili, moja iingie ndani ya nyingine. Ya ndani iwe ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida, shaba na bati lililopakwa zinki huigeuza nta rangi ikawa ya kahawia au kijivu. Ndoo ya bati ya kuchotea maji isitumike kuyeyushia nta.

Vingine ni mfuko wa kitambaa cha pamba au gunia safi lenye matundu madogo, kijiti cha kukorogea, ndoo yenye mdomo mpana kuliko kitako, blanketi kuukuu, ubao laini wa kuchovya, beseni mbili na kisu. Kipimajoto ni kizuri sana kama kinapatikana, lakini tutaeleza pia namna ya kufanya bila kipimajoto.

Maji yawe ya mvua kama yapo. Maji ya visima vingine yana chokaa nyingi, na chokaa ikikutana na nta ya moto hutengeneza uji mweupe ambao hautengani vizuri.

Fanya kazi mbali na manzuki, ndani ya nyumba au jioni nyuki wakisharudi. Harufu ya nta na asali ya moto huwaita nyuki kwa maelfu, wakaja kufa kwenye sufuria au kuwauma watoto wanaocheza karibu.

Kuyeyusha bila kuunguza

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la kati ya nyuzi 62 na 65. Ikizidi nyuzi 85 huanza kubadilika rangi na kupoteza harufu yake nzuri, ile inayowavuta nyuki. Kwa hiyo kuna nyuzi 20 tu kati ya nta iliyoyeyuka na nta iliyoanza kuharibika.

Osha masega kwa maji ya baridi kuondoa asali. Maji hayo usiyamwage karibu na mizinga. Weka vijiti au mawe madogo chini ya sufuria kubwa, tia maji, kisha kalisha sufuria ndogo juu yake. Katika sufuria ndogo tia maji ya mvua kiasi cha robo, halafu masega. Moto uwe mdogo. Maji ya nje yakitokota kwa nguvu, punguza kuni. Koroga taratibu mpaka yote yayeyuke.

Usiweke sufuria ya nta moja kwa moja kwenye moto. Nta haichemki kama maji, kwa hiyo haitakupa dalili ya kuchemka. Inazidi tu kupata joto kimyakimya, na ikipita nyuzi 200 mvuke wake unaweza kushika moto. Ikitokea hivyo, usimwagie maji hata kidogo. Maji yanageuka mvuke ghafla na kurusha nta inayowaka pande zote. Funika sufuria kwa mfuniko, ondoa kuni, subiri ipoe. Mfuniko uwe karibu na mkono wako tangu unapoanza kazi, na watoto wasikae jikoni.

Kuchuja na kutuliza

Nta ikisha kuyeyuka, imimine pamoja na maji yake kwenye mfuko wa kitambaa ulio juu ya ndoo. Ukamue mfuko kati ya miti miwili, si kwa mikono mitupu. Kinachobaki ndani ni machicha, na yanafaa kuwa mbolea au kuwashia moto.

Mchujo huu unaondoa takataka kubwa tu. Vumbi laini linaondoka kwa kutulia, na hii ndiyo hatua inayorukwa na watu wengi wenye haraka. Nta ni nyepesi kuliko maji, hivyo inaelea juu. Uchafu mzito unashuka polepole na kukaa mpakani, kati ya nta na maji. Ili ushuke, nta lazima ikae ikiwa majimaji kwa saa nyingi. Funika ndoo, izungushie blanketi, iweke ndani ya boksi lenye maranda au pumba za mpunga, uiache mpaka kesho yake bila kuitikisa.

Asubuhi utakuta bonge gumu lililoachana na kuta za ndoo. Ligeuze. Chini yake kuna tabaka la kijivu au kahawia. Likwangue kwa kisu mpaka ufike kwenye nta safi. Nta ya shiti inahitaji kurudia hatua hii mara mbili, wakati mwingine tatu. Makwangu usiyatupe. Yaweke na masega ya safari ijayo.

Utajuaje kwamba imetosha? Yeyusha kijiko kimoja ukidondoshe kwenye maji safi. Kipande kinachoganda kiinue kwenye mwanga wa jua. Ukiona punje nyeusi, rudia. Rangi yenyewe isikusumbue: nta safi inaweza kuwa ya njano hafifu au ya kahawia kidogo kufuatana na maua na umri wa masega. Kinachotafutwa ni nta isiyo na punje.

Kutengeneza shiti kwa kuchovya ubao

Sasa tuna nta safi. Njia ya zamani na ya uhakika ya kupata shiti bapa ni kuchovya ubao.

Chagua ubao mgumu usio na nyufa, uliopigwa randa na msasa pande zote mbili, wenye ukubwa unaozidi kidogo shiti unayotaka. Kwa fremu kubwa ya mzinga wa Langstroth, shiti iliyokamilika ni takriban sentimita 42 kwa 20. Uloweke ubao kwenye maji usiku kucha. Ubao uliokunywa maji hauwezi kukamatwa na nta. Ubao mkavu utashikwa na nta, na shiti haitatoka ila vipande.

Chombo cha nta kiwe kirefu na chembamba, ubao uweze kuzama. Hapo ndipo mfugaji mmoja anapokwama. Chombo cha sentimita 30 kwa 10 chenye kina cha sentimita 50 kinahitaji lita 15, sawa na kilo 14 hivi za nta, ili kijae. Wachache wana kiasi hicho nyumbani. Lakini wafugaji kumi wakileta kilo moja na nusu kila mmoja, kazi inaanza asubuhi na kila mtu anaondoka na shiti kulingana na nta aliyoleta. Pimeni nta ya kila mtu ikiwa imesafishwa tayari, na iandikwe kwenye daftari mbele ya wote. Nta ikishachanganywa haina mwenyewe.

Joto la chombo liwe karibu nyuzi 70. Kama hakuna kipimajoto, acha vipande vichache vya nta vikielea bila kuyeyuka. Vikiwepo, joto liko karibu na kiwango cha kuyeyuka. Vikiisha kwa haraka, punguza moto. Nta yenye joto sana inayeyusha tabaka la kwanza unapochovya la pili. Nta iliyopoa sana inaganda kwa mabonge.

Toa ubao kwenye maji, pangusa matone, uchovye mara moja na kuutoa. Usiuache ukae ndani. Acha nta idondoke, usubiri igande kidogo, ugeuze ubao uliokuwa juu uwe chini, uchovye tena. Kugeuza kunasawazisha unene, kwa maana upande wa chini hukusanya nta zaidi. Michovyo miwili hadi minne inatosha. Kisha tumbukiza ubao kwenye beseni la maji ya baridi, kata kingo kwa kisu, ubandue. Kila ubao unatoa shiti mbili, moja kila upande. Rudisha ubao kwenye maji kabla ya kuanza tena.

Unene wa shiti hii tupu uwe kati ya milimita 1 na 1.5, na uwe sawa kila mahali. Inue kwenye mwanga: penye giza ni pazito, penye mwanga mkali ni pembamba. Shiti yenye viputo vya maji katikati ya tabaka irudishwe chomboni, kwa sababu itapasuka kwenye rola.

Kulainisha na kupitisha kwenye rola

Shiti tupu zikishapoa zinakuwa ngumu. Ukizipeleka hivyo kwenye rola zinapasuka. Zilaze kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nyuzi 35 hadi 40, joto linalokaribia la mwili. Ukitia kiwiko usisikie moto wala baridi. Nta ikifika hapo inakunjika bila kuvunjika.

Rola nazo zinahitaji kilainishi, la sivyo nta inanata kwenye vijishimo vya chapa. Kinachotumika sana ni maji ya sabuni laini isiyo na manukato makali. Pakaza rola zote mbili kwa brashi laini kabla ya kila shiti. Zirekebishe kwa skrubu zilizo pande zote mbili mpaka nafasi iwe sawa kushoto na kulia, ujaribu kwanza kwa kipande kidogo.

Ingiza ukingo wa shiti ukiwa umenyooka, zungusha mkono wa rola kwa mwendo mmoja bila kusimama, na mtu wa pili aipokee upande wa pili bila kuivuta. Shiti itarefuka kidogo, ndiyo maana hukatwa kwa kipimo baada ya kuchapwa, si kabla. Isuuze kwa maji safi kuondoa sabuni, kwa sababu nyuki hawaipendi harufu yake.

Shiti ikileta shida, sababu ni mojawapo ya hizi:

Ikinata, nta ina joto sana au kilainishi ni kidogo.
Ikipasuka, nta ni ya baridi au ina uchafu.
Ikipinda upande mmoja, skrubu hazilingani au shiti ilikuwa nene upande huo.
Alama zikiwa hafifu, nafasi ya rola ni kubwa au shiti ni nyembamba mno.

Nta ikinasa kwenye rola, itoe kwa maji ya moto na brashi laini. Usitumie kisu wala msumari. Mkwaruzo mmoja utachapwa kwenye kila shiti itakayofuata.

Ukubwa wa vyumba: pima kabla ya kununua

Hili ni kosa linalogharimu fedha nyingi. Nyuki wa kwetu ni wadogo kuliko nyuki wa Ulaya, na vyumba vyao ni vidogo pia. Chumba cha kibarua wa nyuki wa Afrika kina upana wa takriban milimita 4.8, wakati shiti nyingi za Ulaya huchapwa milimita 5.3 au 5.4. Nyuki wetu wakipewa alama kubwa, mara nyingi hawazifuati. Wanajenga ovyo, au wanazifanya vyumba vya madume.

Kipimo ni rahisi. Chukua sega la asili lililojengwa na nyuki wako, mahali penye vyumba vya vibarua. Weka rula juu ya vyumba kumi vilivyopangana kwa mstari mmoja. Kwa nyuki wetu utapata sentimita 4.8 hivi. Fanya hivyohivyo kwenye shiti au rola unayouziwa. Ukikuta sentimita 5.3 au zaidi, hiyo ni ya nyuki wengine, hata kama muuzaji anaisifia.

Nta iliyochanganywa

Katika biashara ya nta duniani tatizo kubwa ni kuchanganywa na parafini, yaani nta ya mishumaa, ambayo ni rahisi kuliko nta ya nyuki. Shiti ya mchanganyiko huo hulegea kwenye joto la mzinga, sega likajaa asali likaanguka. Barani Ulaya wafugaji waliwahi kupoteza majana kwa shiti zilizotiwa stearini, kitu kingine cha kutengenezea mishumaa.

Nta halisi ina harufu ya asali. Ukiivunja ikiwa ya baridi, mpasuko wake una chembechembe. Ukiisugua kwa vidole inakuwa laini bila kuacha utelezi, na ukiitafuna haishiki meno. Majaribio haya yanakusaidia kushuku, hayathibitishi. Uthibitisho ni wa maabara. Kwa mfugaji mdogo ulinzi mkubwa ni kutumia nta yake mwenyewe au ya kikundi anachokifahamu. Na wewe unayeuza nta, usiongeze mshumaa hata mmoja. Nta yako inachanganywa na ya wenzako, na mnunuzi akikuta uchafu anakataa mzigo mzima.

Kilo moja inatosha fremu ngapi

Shiti ya sentimita 42 kwa 20 yenye unene wa milimita 1 ina uzito wa takriban gramu 80. Kwa hiyo kilo moja inatoa shiti 12, ukitoa makombo yanayorudi chomboni. Mzinga wenye fremu kumi unahitaji gramu 800 hivi.

Nta ikiwa haba, kata shiti moja kwa urefu iwe vipande sita vya upana wa sentimita 3, na ubandike kipande kimoja juu ya kila fremu. Shiti mbili zinahudumia mzinga mzima. Nyuki watamalizia wenyewe, na kwa kuwa mwanzo umenyooka, sega litanyooka.

Kama mzinga wako ni wa viunzi, huhitaji rola. Chora mstari wa nta iliyoyeyuka katikati ya kila kiunzi, upande wa chini, na nyuki watauanzia hapo. Tunalisema hili kwa sababu wapo wanaochanga fedha za rola wakati mizinga yao yote ni ya viunzi.

Kuhifadhi shiti

Zipange zikiwa zimelala bapa, karatasi safi kati ya moja na nyingine, ndani ya boksi lililofungwa, mahali penye kivuli. Chini ya bati la paa hapafai. Zisikae pamoja na dawa za shamba, mbolea, mafuta ya taa wala sabuni ya unga, maana nta hunyonya harufu. Zikikaa muda mrefu zinaweza kufunikwa na unga mweupe kama ukungu. Si ukungu. Zianike kidogo kwenye jua la asubuhi na weupe utatoweka.

Zifunge kwenye fremu siku chache kabla ya kuzitumia, na uzitie mzingani msimu wa maua. Nyuki wenye njaa hawajengi. Badala yake wanaitafuna shiti na kuitumia kwingine.

Pa kuuliza

Halmashauri ya wilaya inaye afisa anayeshughulikia nyuki, na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania nao wana wataalamu wa nyuki. Mafunzo ya muda mrefu yanatolewa na Chuo cha Ufugaji Nyuki Tabora. Ufugaji wenyewe unaongozwa na Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002.

Kabla kikundi hakijachangia rola, tunashauri mambo matatu yafanyike kwanza. Pimeni vyumba vya nyuki wenu kwa rula. Hesabuni mizinga ya fremu mliyonayo na muone inahitaji kilo ngapi za nta. Kisha safisheni nta ya msimu mmoja mpaka kipande chake kikiinuliwa kwenye jua kisionyeshe punje. Kikundi kinachoweza kufanya hilo la tatu kitapata shiti nzuri hata kwa rola ya kuazima.